Dragsta nyepesi ya kizamani: Ford ya silinda nne, Ford V8 ya vali pembeni, au Chevrolet ndogo?

Ukishaamua kujenga dragsta, yaani gari la mbio fupi za mstari ulionyooka, ya mtindo wa miaka ya 1950, mambo mengi hujipanga yenyewe. Fremu ni mabomba mawili marefu yaliyounganishwa. Dereva anakaa nyuma ya ekseli, miguu yake ikipita juu ya difu. Rejeta mara nyingi haipo kabisa, maana mbio za robo maili, yaani mita 402, zinakwisha kabla maji yaliyomo ndani ya bloku hayajachemka. Kinachowakwamisha watu ni injini. Mmoja anasema bila Chevrolet usijisumbue, mwingine anaapa kwa Ford V8 ya zamani, na wa tatu amekuta injini ya Ford Model A kwenye banda la mzee fulani na anataka kuifufua.

Nazilinganisha hapa injini hizo tatu jinsi zilivyofanya kazi kwenye dragsta nyepesi za Marekani, kuanzia 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chrysler Hemi sikuiweka kama chaguo la nne. Ni injini kubwa na nzito, na anayeitaka huwa ameshajiamulia. Nitaitaja tu kama kipimo. Walengwa wangu ni wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani na Uingereza, ambako magari ya aina hii bado yanashindana, pamoja na wale wa Dar, Nairobi au Mombasa wanaounda modeli au kufuatilia historia ya mbio hizi na wanataka kuelewa kwa nini gari dogo liliweza kulishinda kubwa.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano kwa kila injini. Cha kwanza ni uzito, na hasa uzito huo unakaa wapi kwenye gari. Cha pili ni nguvu, lakini ile ambayo matairi yanaweza kuipeleka ardhini. Cha tatu ni uimara: kipi kinavunjika kwanza. Cha nne ni vipuri na kazi ya fundi. Cha tano ni daraja la mashindano ambalo injini itakuingiza.

Usalama sikuufanya kigezo kwa sababu ni sharti la wote. Kwenye gari la muundo huu, ambao Wamarekani waliupa jina la manati, klachi na giaboksi viko karibu kabisa na miguu ya dereva. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya gari la dereva Don Garlits ilipasuka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva. Kwa hiyo, uwe na injini ndogo kiasi gani, kava la chuma la kuzuia vipande vya klachi, fremu ya kulinda kichwa na suti ya kuzuia moto si vitu vya kubana matumizi. Uwanja wowote makini utavikagua kabla hujaruhusiwa kusogea.

Kwa nini wepesi ulilipa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi wote ulipo. Chukua gari ambalo pamoja na dereva lina kilo 600, na linapovuta, kilo 400 kati ya hizo zinakandamiza matairi ya nyuma. Tuseme tairi linashika kwa nguvu inayolingana na uzito unaolikandamiza. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nguvu yote ambayo matairi hayo yanaweza kuipeleka ardhini ni kama nguvu farasi 145. Kwa kilomita 160 kwa saa ni kama 235, na kwa 200 ni kama 290. Kinachozidi hapo kinageuka moshi wa mpira.

Ziangalie tena namba hizo. Injini ya nguvu farasi 500 na ile ya 250, zikifungwa kwenye magari yanayogawanya uzito kwa namna moja, zinaondoka mstarini sawasawa kabisa. Ile kubwa inaanza kuonyesha ubora wake baada ya katikati ya uwanja, tairi linapoacha kuteleza. Ndiyo maana magazeti ya enzi hizo yaliandika kila matokeo kwa namba mbili, yaani sekunde zilizotumika na mwendo wa mwisho, na mara kwa mara gari lenye mwendo mkubwa zaidi mwishoni ndilo lililofika la pili.

Sasa ongeza suala la mahali. Injini inakaa mbele ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kila kilo yake inagawanywa: sehemu inakandamiza tairi linalovuta, sehemu inabebwa na magurudumu ya mbele ambayo hayana kazi ila kuelekeza gari. Chrysler 392 ina zaidi ya kilo 330. Chevrolet ndogo na Ford V8 ya vali pembeni zote zinacheza karibu na kilo 250. Tofauti hiyo ni uzito wa mtu mzima mwenye mwili, ambaye angekuwa ameketi pale mbele bila kusaidia kitu. Injini fupi na nyepesi unaweza kuisogeza nyuma hadi karibu iguse miguu ya dereva, fremu ikawa nyembamba, ekseli ya mbele ikawa bomba tupu, na breki za mbele zikaondolewa. Wepesi mmoja unazaa mwingine.

Aliyelionyesha hili kwa uwazi kuliko wote ni Pete Robinson, mhandisi wa Georgia aliyeitwa kwa utani Sneaky Pete. Mwaka 1961 alikwenda kwenye mashindano ya kitaifa ya NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, huko Indianapolis na gari jepesi la Chevrolet ndogo yenye supachaja (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini), akalitwaa taji mbele ya watu wenye injini kubwa na majina makubwa. Baadaye alifunga jeki za kuinua magurudumu ya nyuma ili yaanze kuzunguka kabla gari halijagusa lami, mpaka NHRA ikapiga marufuku ujanja huo. Mtu anayefikiria tairi kwanza na injini baadaye huishia kwenye mawazo ya namna hiyo.

Kuna tahadhari moja. Hesabu niliyoitoa ni ya matairi ya enzi zile. Mwanzoni watu walitumia matairi ya kawaida yaliyovikwa mpira mpya usio na mistari, na kuanzia 1957 yakaja matairi vipara ya M&H Racemaster yaliyotengenezwa makusudi kwa mbio hizi. Ukifunga matairi ya leo kwenye fremu ya zamani, yanashika zaidi ya hapo, injini yenye nguvu inapata pa kuipeleka, na mwanya kati ya injini hizi tatu unapanuka. Unapochagua injini, chagua na tairi wakati huohuo.

Ford ya silinda nne

Hii ni injini ya Model A, iliyotengenezwa hadi 1931, na ndugu yake Model B ya 1932. Ujazo wake ni inchi za ujazo 201, sawa na lita 3.3. Model A ilitoka kiwandani na nguvu farasi 40, Model B na 50.

Uzito. Usidanganywe na idadi ya silinda. Ni chuma cha kutupa kuanzia juu hadi chini, ni ndefu, na haiwi nyepesi kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Faida yake ni wembamba: pua ya gari inakuwa nyembamba na safi, na ekzosi zote zinatoka upande mmoja.

Nguvu. Ikiwa na silinda hedi ya vali za juu ya Riley au Cragar, kamshafti kali na kabureta mbili, inaweza kuvuka nguvu farasi 100. Rudi kwenye hesabu yangu: nguvu hiyo tairi linaimeza yote mapema sana. Gari lako litaondoka vizuri bila moshi, kisha litaendelea kwa utulivu wakati wenzako wanakupita. Nguvu yake iko chini, kwenye mizunguko midogo.

Uimara. Krenkshafti imeshikwa na beringi kuu tatu, na beringi hizo zilitengenezwa kwa madini laini yaliyoyeyushwa na kumiminwa moja kwa moja ndani ya bloku. Mfumo wa oili ulikusudiwa mwendo wa shamba na barabara ya vumbi. Ukitaka kuizungusha kwa kasi, lazima ufunge beringi za kisasa na utoboe njia za oili zenye msukumo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine.

Vipuri. Marekani ina wapenzi wengi wa Model A, kwa hiyo gasketi, vali na pistoni vinapatikana bila shida. Silinda hedi za mbio ndizo adimu na za gharama.

Daraja. Madaraja ya dragsta yalipangwa kwa kugawanya uzito wa gari kwa inchi za ujazo wa injini. Gari la pauni 1,200 lenye injini ya inchi 283 lina pauni 4.2 kwa kila inchi. Likiwa na inchi 239 ni pauni 5.0, na likiwa na inchi 201 ni karibu 6.0. Injini ndogo hukushusha hadi madaraja ambako unakutana na wa kiasi chako, na mimi naona hilo ni jambo la heshima: mtu alishindana kwa ufundi wake, hata kama hakuwa na mfuko.

Inamfaa anayependa mashine ya kale kwa ajili yake yenyewe, mwenye subira, na asiyesikitika akipitwa.

Ford V8 ya vali pembeni

Wamarekani huiita flathedi, kwa kuwa juu ya silinda hakuna ila kifuniko bapa. Vali zimelala ndani ya bloku kando ya silinda. Ilitoka mwaka 1932 ikiwa na inchi 221 na nguvu farasi 65, na ndiyo iliyompa mtu wa kawaida V8 kwa bei ya gari la kawaida. Mwaka 1939 Mercury ilitoka na inchi 239 na nguvu farasi 95, na kuanzia 1949 ikawa na inchi 255. Nchini Marekani utengenezaji kwa ajili ya magari madogo ulikoma mwaka 1953.

Bila injini hii hakuna historia ya mbio hizi. C. J. Hart, aliyejulikana kama Pappy, alipofungua uwanja wa Santa Ana mwaka 1950 kwenye njia ya ndege huko California, karibu kila gari lililokuja lilikuwa nayo. Dick Kraft alikuja na Ford iliyovuliwa hadi kubaki fremu, injini na kiti. Bean Bandits wa San Diego, kundi la vijana wengi wao wenye asili ya Meksiko wakiongozwa na Joaquin Arnett, walijijengea jina kwa Ford waliyoiunda wenyewe. Art Chrisman alikuwa wa kwanza kuvuka maili 140 kwa saa, mwaka 1953, akiwa na gari lake namba 25. Na Calvin Rice alipotwaa taji la kwanza la kitaifa la NHRA mwaka 1955, mashindano yaliyoanza Great Bend, Kansas, yakavunjwa na mvua na kumaliziwa Phoenix, alikuwa na flathedi. Mwaka uliofuata Melvin Heath alishinda kwa Chrysler, na taji halikurudi tena kwa injini hii.

Uzito. Inakaribiana na Chevrolet ndogo, na ni fupi kwa kimo kwa sababu juu hakuna vali wala roka. Inakaa chini kwenye fremu, na dereva anaona mbele vizuri. Silinda hedi za aluminiamu za Edelbrock, Offenhauser au Navarro hupunguza kilo kadhaa tena pale juu.

Nguvu. Mercury yenye krenkshafti iliyoongezwa urefu wa mwendo na silinda zilizopanuliwa hufika inchi 296. Kwa petroli, ikiwa na kabureta za Stromberg 97 na kamshafti ya Iskenderian, injini iliyoandaliwa vizuri hutoa nguvu farasi 200 hivi. Linganisha na hesabu: kwa matairi ya zamani, hiyo inatosha kuyafikisha kikomoni hadi karibu kilomita 140 kwa saa. Ndiyo maana haikuwa aibu mstarini hata baada ya injini mpya kuja. Ilipoachwa, iliachwa mbele, kule kwenye nusu ya pili ya uwanja.

Uimara. Udhaifu wake mkuu uko kwenye ekzosi. Moshi wa moto unatoka kwenye vali, unapita ndani ya bloku katikati ya silinda, ndipo utoke nje. Silinda mbili za kati kila upande zinatumia tundu moja. Kwa hiyo joto lote linapikia maji ya rejeta na chuma chenyewe, na bloku hupasuka kati ya kiti cha vali na ukuta wa silinda. Krenkshafti nayo ina beringi kuu tatu tu.

Ukienda kununua, usilipe kwa kutazama rangi. Injini ifunguliwe yote, bloku ichemshwe kwenye dawa hadi kutu na grisi vitoke, kisha fundi aitie sumaku na kuinyunyizia unga wa chuma. Pale penye ufa, hata usioonekana kwa macho, unga hujipanga mstari mwembamba kama unywele. Angalia kwenye viti vya vali, kwenye matundu ya bolti na ukingoni mwa silinda. Nyufa ndogo kwenye matundu ya bolti huzibika. Ufa ulioingia ndani ya silinda ni wa kufikiria mara mbili.

Vipuri. Hapa habari ni njema kuliko umri wake. Aina mbili zinazotafutwa ni 59AB ya miaka ya 1940 na 8BA ya 1949 hadi 1953, na karibu kila kitu cha ndani bado kinatengenezwa upya. Ufaransa pia iliendelea kwa miaka mingi kutengeneza injini za ukoo huu kwa malori ya jeshi, na nyingi ziliishia mikononi mwa wajenzi wa magari ya kizamani. Lakini jumla ya kazi, ukiweka krenkshafti, silinda hedi, manifoldi na kabureta, hugharimu zaidi kuliko Chevrolet kwa kila nguvu farasi unayoipata.

Daraja. Mashindano mengi ya magari ya kizamani yana nafasi maalumu ya flathedi, na watazamaji huja kuisikiliza. Mlio wake ni mzito na uliobanwa, kwa sababu ya yale matundu ya ekzosi yaliyounganishwa.

Kuna ndugu yake mdogo, Ford V8-60 ya inchi 136 na nguvu farasi 60, iliyotoka 1937 hadi 1940. Ilipata umaarufu kwenye vigari vidogo vya mbio za duara. Kwenye dragsta ni ya mtu anayetaka wepesi wa kupindukia na daraja la chini kabisa. Inapendeza, ila vipuri vyake haviingiliani na vya ndugu yake mkubwa.

Inamfaa anayetaka gari la kati ya 1950 na 1955 lililo sahihi kwa kila kipande, na aliye tayari kulipa fundi anayeijua.

Chevrolet ndogo

Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 mpya ya inchi 265, iliyoundwa chini ya mhandisi Ed Cole. Nguvu yake ilianzia farasi 162. Mwaka 1957 ikawa inchi 283, na ile yenye injekta za Rochester ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 283, moja kwa kila inchi.

Uzito. Kuta za bloku zilitupwa nyembamba kwa ufundi mpya, kiasi kwamba V8 hii ilikuwa nyepesi kuliko injini ya silinda sita ya kampuni hiyohiyo. Ni fupi kwa urefu pia, na urefu mfupi kwenye dragsta ni nafasi ya kuisogeza nyuma.

Nguvu. Siri iko kwenye vali. Kila roka imepigwa kutoka kwenye bati la chuma na kukaa juu ya nguzo yake peke yake, hakuna shafti nzito inayoziunganisha. Pistoni nayo ina mwendo mfupi wa inchi tatu. Vitu hivyo viwili vinaifanya ipande mizunguko haraka bila kujiumiza. Ukipanua silinda za 283 kwa moja ya nane ya inchi unapata inchi 301, kipimo kilichopendwa sana. Ukiongeza supachaja ya GMC, iliyotolewa kwenye injini za dizeli za malori na mabasi, unavuka nguvu farasi 400 bila miujiza.

Hapa ndipo sheria ilipoisaidia. Kati ya 1957 na 1963 NHRA ilizuia nitromethani, mafuta makali ya mbio, na kulazimisha petroli kwenye mashindano yake. Kwa nitromethani, Hemi ilikuwa mfalme, kwa kuwa chuma chake kingi kilivumilia mlipuko. Kwa petroli, nguvu zilishuka kwa wote, na gari jepesi likapata haki yake. Robinson alishinda ndani ya kipindi hichohicho. Mwanzoni mwa 1961, kwenye mashindano ya majira ya baridi huko Pomona, Jack Chrisman alitwaa taji kwa gari lenye Chevrolet ndogo mbili zilizowekwa sambamba. Injini mbili zilikuwa njia nyingine ya kupata nguvu bila Hemi, ingawa kwa maoni yangu mtu anayejenga gari lake la kwanza asijiingize huko.

Uimara. Beringi kuu tano, oili inayofika kote kwa msukumo, na ekzosi inayotoka juu nje ya bloku. Kwa petroli ni injini ya kuaminika kuliko zote tatu. Ukiingia kwenye nitromethani, zile kuta nyembamba zilizokupa wepesi ndizo zinazokuonya: bloku ya zamani iliyopanuliwa hadi mwisho haina akiba. Pia zile za mwaka 1955 hazina mahali pa filta ya oili, basi panga filta ya nje au tafuta ya miaka iliyofuata.

Vipuri. Hakuna inayoikaribia. General Motors ilitangaza mwaka 2011 kwamba injini ya milioni 100 ya ukoo huu imetengenezwa, na vitu vingi vya ndani vinaingiliana kwa miongo kadhaa. Fundi aliyezoea Land Rover Series au Peugeot 404 atazikuta pushirodi na roka mahali anapopajua, na kurekebisha vali ni nati moja kwa kila roka.

Daraja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 huko kusini mwa California kulikuwa na daraja la Junior Fuel: injini ndogo, injekta, nitromethani, bila supachaja. Daraja hilo limefufuliwa kwenye mbio za kizamani, na ndilo lililobaki karibu zaidi na wazo la awali la dragsta nyepesi. Ubaya wake ni kwamba wengi wana Chevrolet, kwa hiyo ushindani ni mkali.

Inamfaa anayetaka kukimbia mara nyingi na kurudi nyumbani na injini nzima.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama hujawahi kuendesha dragsta, na fundi wako ni wewe mwenyewe na rafiki mmoja, chukua Chevrolet 283 ya petroli yenye kabureta, bila supachaja. Utajifunza kuachia klachi, kusoma plagi na kupanga uwiano wa difu bila kuivunja injini kila wikendi. Nguvu ukiihitaji baadaye, utaiongeza.

Kama unajenga gari la mwaka 1952, usiweke Chevrolet ndani yake hata kama ni rahisi. Haikuwepo. Tafuta Mercury ya inchi 239 au 255, lipia kipimo cha nyufa kabla ya kitu kingine chochote, na tumia giaboksi na difu za Ford za enzi hizo. Gari hilo litapokelewa vizuri Famoso karibu na Bakersfield, au kwenye Dragstalgia huko Santa Pod, Uingereza.

Kama una injini ya Model A au B iliyo nzima, na bajeti yako ni ndogo, ijenge taratibu. Anza na beringi na oili, kisha krenkshafti isawazishwe, na silinda hedi ya mbio iwe ya mwisho. Wengi hufanya kinyume: wananunua hedi ya kung'aa kisha konrodi inatokea ubavuni mwa bloku.

Kama lengo ni ushindi ndani ya daraja, chukua kanuni za uwanja unaokusudia kabla hujanunua chochote, pima uzito utakaofikia gari lako, ugawanye kwa inchi za kila injini, uone unaangukia wapi. Huenda ukagundua kwamba flathedi inakupeleka kwenye daraja lenye washindani wachache unaowamudu, wakati Chevrolet inakutupa katikati ya wataalamu.

Kama unatumia matairi ya kisasa na unataka sekunde tu, Chevrolet yenye supachaja au injekta ina pa kwenda, ilhali zile Ford mbili zitafika kikomo cha chuma chao kabla ya kikomo cha tairi.

Na kama uko Afrika Mashariki unaunda modeli, anza na flathedi. Maumbo yake yanaonekana kwa urahisi: hedi bapa zenye safu ya bolti, kabureta zilizopangwa mstari juu ya manifoldi, mabomba matatu ya ekzosi kila upande. Ukihesabu mabomba manne kwenye picha, tazama tena: ama hiyo si flathedi ya kawaida, ama mwenye gari aligawa lile tundu la kati. Kwa Chevrolet, hesabu manne kwenye kila hedi, yale mawili ya kati yakiwa yamekaribiana.